Kukagua kimazingira mpango wa hela za kufunga ghala la taka za nyuklia: mwongozo kamili, hatua kwa hatua

Wadau habari. Hii nimeiandika sababu kazi ninazoletewa nizipitie, za vijana wa vyuo na za watu wa kamati za mazingira, zinaanguka palepale kila siku. Mtu anapewa mpango wa fedha za kufunga ghala la taka za nyuklia aukague upande wa mazingira, anarudi na kurasa kumi za tembo, vyanzo vya maji, mmomonyoko na miti ya asili, afu kuhusu hela zenyewe kaandika mstari mmoja: "fedha ziongezwe". Ziongezwe kiasi gani, kutoka wapi, kwa nini, kimya. Hapo umekagua eneo, hujakagua mpango, na eneo lina ukaguzi wake mwingine kabisa.

Najua swali linalokuja: sisi huku Mbeya na Iringa taka za nyuklia zinatuhusu nini wakati nchi nzima haina hata kinu kimoja cha umeme wa nyuklia? Zinatuhusu. Urani ya Mto Mkuju iko Namtumbo hapo, Panda Hill hapa Mbeya kuna niobiamu na madini yanayoibeba huwa na urani na thoriamu kidogo ndani yake, na migodi yote hii siku moja itafungwa na mtu atauliza hela ya kusafisha iko wapi. Sasa mazoezi tunafanyia nyaraka za Wamarekani, sio kwamba wao malaika, ila wanaziweka hadharani na kanuni yao imeandikwa kipengele kwa kipengele. Ukiiweza ile, ya mgodi haikusumbui.

## Vitu vya kuandaa kwanza

- Mpango wenyewe, toleo la sasa, wote pamoja na viambatisho. Muhtasari peke yake haufai, namba ziko nyuma.
- Toleo lililotangulia. Wengi hawalitafuti, na ndio maana hatua ya 6 inawashinda.
- Leseni ya ghala, hasa pale panapotaja kiasi cha juu cha taka kinachoruhusiwa kukaa pale.
- Kanuni inayotumika. Kwa Marekani ni ya tume yao ya nyuklia, NRC, andika "10 CFR 72.30" kwenye intaneti inakuja. Kwa huku kwetu uwe na Sheria ya Madini ya 2010, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 na Sheria ya Nguvu za Atomiki ya 2003.
- Excel, au kikokotoo cha simu na daftari la mistari.
- Takwimu za mfumuko wa bei, na kama hela ni shilingi basi na mwenendo wa dola kutoka BoT.
- Kalamu rangi mbili, moja ya namba na moja ya dhana.
- Mhasibu. Hata wa SACCOS ya mtaani kwenu anatosha, mradi ajue kusoma barua ya dhamana ya benki.

Printi. Najua bei ya kuprinti, lakini ukisoma jedwali la gharama kwenye simu utaruka safu nzima na hutajua kama umeruka.

## Hatua ya 1: Tenganisha karatasi na koleo

Kabla hujasoma ukurasa wa kwanza jiulize: kinachoombwa kuidhinishwa hapa ni nini? Ni mpango wa pesa. Hakuna atakayechimba, kubomoa wala kusafirisha kitu chochote kwa sababu mpango huu umekubaliwa. Ghala litaendelea kukaa kama lilivyokuwa jana.

Ndio maana ukisoma tathmini za mazingira za NRC kuhusu mipango hii unakuta ni fupi hadi unashangaa, na karibu zote zinaishia na tamko kwamba hakuna athari kubwa kwa mazingira. Wanasema kukubali mpango hakubadilishi shughuli za ghala, hakuruhusu ujenzi, hakuongezi mionzi inayotoka, kwa iyo wanyama walio hatarini na maeneo ya kihistoria hayaguswi. Kazi halisi ya kubomoa na kusafisha itakuja na ukaguzi wake wa mazingira wakati wake ukifika.

Mtu akisoma hivo anasema basi hii kitu ni danganya toto. Hapana. Mazingira yanaingia kwa mlango mwingine: pesa ikipungua siku ya kufunga, taka zinabaki pale, udongo haufukuliwi, uzio unaoza na mlinzi anaondoka. Athari ya mpango wa hela ni ile ya kazi ambayo haitafanyika. Hicho ndicho unachokagua, na hatua zote zilizobaki zinatafuta hilo shimo lilipo na lina ukubwa gani.

Onyo: usiache kabisa kutaja eneo. Andika aya moja tu inayosema ghala liko wapi, limepakana na nini, maji yanaelekea wapi, afu endelea. Aya moja.

Utajua umefaulu ukiweza kumweleza mtu kwa sentensi mbili bila kutaja mnyama: uamuzi unaoombwa ni upi, na mazingira yatadhurika vipi kama hesabu ni mbovu.

## Hatua ya 2: Hakikisha mpango umekamilika

Kifungu 72.30 kinadai vitu sita ndani ya mpango. Weka tiki au mkasi pembeni ya kila kimoja, na ukurasa ulikokikuta:

1. Maelezo ya namna gani kutakuwa na uhakika wa kweli kwamba hela zitakuwepo.
2. Makadirio ya gharama yaliyochambuliwa, yenye bei ya mkandarasi wa nje, fungu la dharura, na gharama ya kulifikisha eneo kwenye kiwango cha usafi kinachotakiwa.
3. Dhana kuu zilizotumika na kwa nini zimetumika.
4. Njia ya kuweka hela na namna makadirio yatakavyorekebishwa kila baada ya muda.
5. Ujazo wa udongo na vitu vya chini ya ardhi ndani ya eneo vilivyo na masalia ya mionzi yanayohitaji kusafishwa.
6. Cheti kwamba dhamana ya fedha imeshawekwa, na inalingana na makadirio.

Namba 5 ndiyo inayopita kimyakimya. Utakuta wameandika "sifuri". Sifuri inaweza kuwa kweli, kwenye maghala makavu fueli iliyotumika (mabaki ya fueli ya vinu vya nyuklia) imefungiwa kwenye kasha la chuma lililochomelewa na kuwekwa ndani ya zege, haivuji kirahisi. Lakini sifuri ni jibu la kipimo, sio la imani, kwa iyo tafuta walipima lini, wapi, kwa kifaa gani. Kama hakuna, andika "sifuri haina ushahidi, uk. fulani". Usiandike wanadanganya, hujui.

## Hatua ya 3: Fungua jedwali la gharama (hapa ndio kaa)

Muda wako mwingi uende hapa. Ntatumia ghala la kubuni, namba zangu mwenyewe za mazoezi, usije ukaenda kuzinukuu popote:

- Kupima mionzi na kuandaa mpango kazi: dola 700,000
- Kusafisha na kubomoa makasha 40 ya zege na sakafu yake: dola 2,400,000
- Kusafirisha na kuzika taka za mionzi hafifu: dola 2,100,000
- Upimaji wa mwisho na mkaguzi huru: dola 500,000
- Usimamizi na ulinzi: dola 300,000

Jumla dola 6,000,000. Sasa maswali manne.

Bei hii ni ya nani? Kanuni inataka bei ya mkandarasi wa nje anayefanya kazi yote, sio bei ya "vijana wetu wapo". Sababu ni kwamba siku ya kufunga huenda kampuni imefilisika na hao vijana wametawanyika, na anayekuja kusafisha ni mgeni anayedai faida, usafiri, bima na posho. Ukiona mishahara ya wafanyakazi wa kampuni yenyewe kwenye jedwali, weka alama nyekundu.

Fungu la dharura ni asilimia ngapi? Mwongozo wa NRC unatumia asilimia 25. Kwenye mfano wetu 6,000,000 inakuwa 7,500,000. Kampuni ikiweka asilimia 10 inapata 6,600,000, yani kuna pengo la 900,000 ambalo mtu aliyesoma ukurasa wa mwisho tu hawezi kuliona. Kama wameshusha wawe na sababu ndefu kuliko neno "uzoefu".

Mstari gani ukipinda unavunja kila kitu? Chukua kila mstari uuongeze mara mbili, mmoja mmoja, uone. Ulinzi ukiwa mara mbili, jumla pamoja na dharura inatoka 7,500,000 kwenda 7,875,000, hakuna kilio. Kuzika taka ukiwa mara mbili inakuwa 8,100,000 kabla ya dharura na 10,125,000 baada ya dharura. Kubomoa ukiwa mara mbili inafika 10,500,000. Kwa iyo kwenye mpango huu kubomoa na kuzika taka ndio roho ya kila kitu, na hapo ndipo unaomba nyaraka: zege litachafuka kwa kina gani, wamejuaje, na wanakwenda kuzika wapi, hilo eneo la kuzika lina kibali cha kupokea aina hiyo ya taka?

Usafi wa kiwango gani? Marekani eneo likiachiwa litumike bila masharti, kipimo cha ziada kutokana na masalia kisizidi milisiverti (kizio cha kupimia mionzi inayompata mtu) 0.25 kwa mwaka kwa mtu wa kundi linaloathirika zaidi, na bado wapunguze kadiri inavyowezekana. Ili upate picha, wastani wa mionzi ya asili duniani ni kama milisiverti 2.4 kwa mwaka, kwa iyo 0.25 ni kama sehemu ya kumi. Kampuni inaweza kuomba iache eneo kwa masharti, mfano hakuna kulima wala kuchimba kisima, na hapo gharama ya kusafisha inashuka sana, lakini inazaliwa gharama ya kusimamia hayo masharti miaka na miaka. Wengi wanachukua punguzo la kwanza wanasahau bili ya pili. Itafute.

Utajua umefaulu ukiwa na karatasi moja yenye jumla yao, jumla yako, tofauti, na mstari upi umesababisha.

## Hatua ya 4: Chukua kalamu ya dhana

Dhana ni sentensi ambayo ikigeuka, namba zote zinageuka nayo. Zizungushie duara zote, hata zile zilizojificha kwenye maelezo ya chini ya jedwali.

Dhana kubwa kuliko zote kwenye maghala ya Marekani ni hii: mipango mingi inaanza kuhesabu pale fueli iliyotumika ikiwa imeshaondolewa na serikali. Kwa karatasi ni sawa, sababu sheria yao ya 1982 iliweka wajibu huo, na serikali ilitakiwa ianze kuzichukua tarehe 31 Januari 1998. Haijaanza hadi leo. Yucca Mountain kule Nevada ndiko walikochagua mwaka 2002 kuzika, na mradi umekwama. Pale Maine Yankee, jimbo la Maine, kinu kilishabomolewa na kazi ikaisha 2005, mtambo haupo, lakini makasha 64 bado yamesimama kwenye zege yakilindwa usiku na mchana, na gharama yake ni kama dola milioni 10 kila mwaka. Connecticut Yankee na Yankee Rowe, vinu vingine vilivyobomolewa, hivohivo.

Kwa iyo ukikuta mpango unasema fueli itaondoka mwaka fulani, usiandike tu "haiwezekani". Fanya hesabu: ikichelewa miaka 10, nani analipa ulinzi na matunzo ya hiyo miaka 10, na je, hizo hela zinachotwa kwenye mfuko huuhuu wa kufunga? Kama jibu ni ndiyo, au mpango hausemi, hilo ndilo pengo lako la kwanza la kuandika.

Dhana nyingine za kuwinda: bei ya kuzika itabaki ilivyo leo, leseni itaongezwa muda, zege halitachafuka, chuma chakavu kitauzwa kifidie gharama. Hiyo ya chuma chakavu ikatae moja kwa moja kama haina mnunuzi, kuchukulia chuma cha ghala la nyuklia kama cha gereji ya Mwanjelwa ni utani.

## Hatua ya 5: Fuata hela hadi inapolala

Hapa mwite mhasibu wako. Njia za kuweka hela ziko za aina kadhaa na kila moja ina ugonjwa wake.

Malipo ya mapema: hela yote imeshawekwa kwenye akaunti iliyotengwa, kampuni haiwezi kuigusa. Hii ndio tamu kuliko zote. Angalia tu kama kweli imetengwa, nani anasaini kutoa.

Dhamana ya benki, bima au barua ya mdhamini: hapa hela haipo, ipo ahadi ya mtu mwingine. Soma inaisha lini, inajihuisha yenyewe au mpaka waombe, na benki ikitaka kujitoa inampa taarifa nani. Dhamana inayokufa Desemba wakati mpango ni wa miaka 20 haina maana.

Mfuko wa kudunduliza: wanaweka kidogokidogo kila mwaka. Kanuni ya Marekani inataka mfuko huu uambatane na dhamana inayofunika kiasi kilichobaki, mfuko ukipanda dhamana inashuka. Ukiona kudunduliza peke yake bila kifuniko, andika.

Kampuni mama kuahidi: soma mizania ya hiyo kampuni mama. Jina kubwa halilipi fundi.

Barua ya ahadi ya serikali: inaruhusiwa kwa mashirika ya umma. Swali lako ni kama kuna kifungu cha bajeti nyuma yake.

Si umewahi kukaa kwenye kamati ya harusi? Kuna safu ya ahadi na safu ya taslimu, na mwenyekiti anayepanga ukumbi kwa safu ya ahadi wote tunajua anaishia wapi. Kwa iyo chora safu hizohizo mbili kwa mpango wako, taslimu upande mmoja ahadi upande mwingine, na chini ya ahadi andika jina la aliyeahidi na tarehe ya mwisho.

Onyo: cheti cha namba 6 kwenye hatua ya 2 kilinganishe na makadirio, shilingi kwa shilingi. Nimeona mipango ambayo makadirio yamepandishwa kwenye toleo jipya ila cheti kimebaki na kiasi cha toleo la zamani, na msomaji kapita hapo bila kusimama.

## Hatua ya 6: Piga hesabu ya muda, afu linganisha na toleo la zamani

Hesabu mbili tu, za sekondari.

Ya kwanza ni ukuaji wa mfuko. Kanuni za vinu vya umeme Marekani zinaruhusu kuhesabu faida halisi, yani baada ya kutoa mfumuko wa bei, isiyozidi asilimia 2 kwa mwaka. Chukua ghala letu la kubuni lenye mahitaji ya 7,500,000 na mfuko wenye 5,000,000 leo, miaka 20 mbele. Kwa asilimia 2 unapata karibu 7,430,000, imekaribia kabisa, pengo ni kama 70,000. Shusha faida iwe asilimia 1, unapata kama 6,100,000, pengo milioni 1.4. Asilimia moja tu hiyo! Kwa iyo mpango ukisema "mfuko utakuwa umetosha", muulize utatosha kwa asilimia ngapi.

Ya pili ni kupanda kwa gharama kati ya toleo na toleo. Mipango hii inarudishwa upya kila muda usiozidi miaka 3. Gharama zikipanda asilimia 3 kwa mwaka, 7,500,000 baada ya miaka mitatu ni kama 8,195,000, kwa iyo siku ya mwisho kabla ya marekebisho dhamana yako iko chini kwa karibu 695,000 hata kama kila mtu alikuwa mwaminifu. Na kama mfuko unakaa kwa shilingi huku kazi italipwa kwa dola, ongeza hesabu ya tatu ya kushuka kwa shilingi, hiyo ndiyo inayotuumiza sisi zaidi.

Sasa weka toleo jipya na la zamani mezani. Kanuni inataka toleo jipya lizingatie mambo manne: kumwagika kwa vitu vya mionzi kulikoongeza masalia ardhini, mabadiliko ya majengo au mitambo, mabadiliko ya kiasi kinachoruhusiwa na leseni, na gharama halisi za usafishaji zilizozidi makadirio ya zamani. Kwa kila moja tafuta sentensi. Kama leseni inaonyesha makasha yameongezwa na mstari wa kubomoa haujasogea hata dola, umepata samaki mkubwa.

Utajua umefaulu ukiwa na safu tatu, namba ya zamani, namba mpya, sababu waliyotoa. Safu ya tatu ikiwa tupu, hilo ni swali la kupeleka.

## Hatua ya 7: Ilete nyumbani

Mgodi wa urani sio ghala la makasha. Ghala unabomoa, unapakia, unaondoka. Mgodi unaacha matope ya mabaki, mengi mno kuyahamisha, na ndani yake kuna radiamu-226 ambayo nusu-uhai wake (muda wa kupungua hadi nusu) ni miaka 1,600 na thoriamu-230 ambayo ni kama miaka 75,000. Kwa iyo kufunga hapa maana yake ni kufunika na kulinda, na hela lazima iwe mafungu mawili: la kufunika, na la kulinda baadaye.

Vipimo vya kulinganisha vipo. Marekani kifuniko cha mabaki ya urani kinatakiwa kidumu miaka 1,000 kadiri inavyowezekana, na kwa vyovyote isipungue 200. Kwa ajili ya uangalizi wa muda mrefu kampuni inaacha kiasi kisichopungua dola 250,000 kwa thamani ya mwaka 1978, ambayo leo ni zaidi ya dola milioni 1. Sasa fungua mpango wa kufunga wa mradi wowote wa kanda hii utafute fungu la uangalizi baada ya kufunga. Ukikuta "miaka mitano ya ufuatiliaji" bila maelezo, una hoja, na ya mvua pia usiisahau, hizi milima zetu zinanyeshewa na kifuniko cha udongo kinachomomonyoka kinahitaji fundi na greda kila baada ya masika.

Kwa anayeona natisha watu, aangalie Kabwe, ile ya Zambia sio Kabwe yetu ya hapa Mbeya. Mgodi wa risasi na zinki ulianza 1904 ukafungwa 1994, na hadi leo watoto wa pale wana risasi kwenye damu. Sio mionzi, lakini ni somo lilelile la mgodi kufungwa na uchafu kubaki. Na sio mbali, TAZARA inayopita hapa inaishia Kapiri Mposhi, jirani yake kabisa.

Kuhusu wapi pa kupeleka: tathmini ya mazingira na maoni ya wananchi ni NEMC (baraza la mazingira), mambo ya mionzi na taka zake ni TAEC (tume ya nguvu za atomiki), na dhamana ya ukarabati wa mgodi ni upande wa Tume ya Madini. Barua ikigusa yote matatu, andika moja na nakala kwa wengine, usiandike tatu zinazopishana namba.

## Hatua ya 8: Andika maoni yanayojibika

Kila hoja iwe na vitu vinne: ukurasa, namba yao, namba yako na ulivyoipata, unachoomba kifanyike. Basi.

Mfano mbovu: "Wananchi tuna wasiwasi mkubwa kuhusu fedha za kufunga na tunaomba serikali iangalie."

Mfano mzuri: "Uk. 14, fungu la dharura ni asilimia 10 (dola 600,000) na sababu haijatolewa. Kwa asilimia 25 fungu ni dola 1,500,000. Tunaomba kampuni ieleze sababu au ipandishe dhamana kwa dola 900,000 kabla ya mpango kukubaliwa."

Wa kwanza unajibiwa "maoni yamepokelewa". Wa pili mtu lazima afungue ukurasa wa 14.

Panga hoja kwa ukubwa wa pengo, kubwa juu. Hoja zisizidi saba, zikizidi hapo anayesoma anachagua nyepesi anajibu hizo. Maneno kama "mauaji ya halaiki" na "wameuza nchi" yaache kwenye magrupu ya WhatsApp. Na ukiwa na wazee wa kijiji wanaojua pale palimwagika kitu, au kisima kilibadilika ladha, chukua maelezo yao kwa tarehe na mahali, wasaini, ambatanisha kama kiambatisho cha hatua ya 2 namba 5. Hiyo ndiyo sehemu pekee ambayo mwanakijiji anamzidi mshauri mwelekezi wa Dar.

Peleka kabla ya tarehe ya mwisho ya kupokea maoni, nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Ukituma kwa imeili, omba jibu la kuthibitisha na ulihifadhi.

Majibu yakija na namba mpya, usishangilie kwanza. Rudi hatua ya 3, ingiza namba mpya kwenye jedwali lako, afu nenda hatua ya 5 uone kama na cheti kimepanda nayo. Kama makadirio yamepanda na cheti hakijapanda, barua ya pili ni ya mistari mitatu na unaijua tayari.